Coaster ya kulala inazimika kila safari ya kwenda, ikirudi haina neno. Nimekwama karibu na Lyantonde

Kambini71, saa 4:10 asubuhi

Wakuu, salaam. Naandika nimekaa kwenye ngazi ya gari, kando ya barabara ya Masaka–Mbarara. Kyazanga nimeipita, Lyantonde bado kilomita chache. Ng'ombe wa Ankole wanapita na pembe zao wananitazama kama mimi ndiye niliyepotea zizi. Nahitaji akili zenu, pole baadaye.

Gari ni Toyota Coaster, injini 1HZ, ile dizeli ya silinda sita isiyo na turbo. Mwaka 2022 niling'oa viti nikaigeuza nyumba: kitanda nyuma, jiko la gesi, sinki, na tangi la maji la lita 120 lililoning'inizwa chini ya sakafu. Napeleka wageni mbuga ya Mburo, ziwa Bunyonyi, msitu wa Bwindi. Leo ninao wazee wawili wa Kiholanzi, mume na mke, wastaarabu mno. Wanachemsha kahawa humo ndani kana kwamba tumesimama kwa kupenda.

Ugonjwa ni huu. Nikitoka Kampala kwenda Kabale, huko milimani, gari linakwenda vizuri, halafu baada ya saa moja na nusu hivi linaanza kuishiwa nguvu taratibu, kama mtu anayesinzia kanisani. Nakanyaga mafuta, halipandi. Linazimika. Hakuna moshi mweusi, hakuna joto, betri ni kali, starta inazungusha sawasawa. Haliwaki. Nikingoja dakika 25 au 30 linawaka kama halijui lolote, linakwenda, mbele linazimika tena. Leo limezimika Kayabwe pale penye mstari wa ikweta, likazimika kabla ya Masaka, na sasa hapa.

La ajabu: nikirudi Kampala halizimiki. Hata mara moja. Safari nne tangu Machi, zote hivyo hivyo.

Nilivyokwisha badilisha: filta ya dizeli mara mbili, nozeli zimesafishwa, ile swichi ya umeme ya pampu inayokata mafuta ukizima ufunguo, na pampu yenyewe ilishushwa ikapelekwa karakana moja mjini ikapimwa upya. Hiyo pampu tu ni shilingi za Uganda 1,400,000. Akaja pia fundi wa kompyuta, akazunguka gari na mashine yake akitafuta pa kuchomeka, hakupaona. 1HZ hii haina kompyuta. Nauli yake nililipa.

Kiswahili changu ni cha kambini, baba alikuwa mwanajeshi. Nikiandika kama natoa amri, ni ombi.

Mchokozi_wa_Jinja, saa 4:16

Gari linakataa kwenda Kabale kwa sababu ya baridi. Mnunulie sweta.

Spana14, saa 4:21

Pampu. Waliosema wameipima hawakuipima. Injini ikipata joto pampu iliyochoka inavujisha ndani, haisukumi tena. Ikipoa inarudi. Nimezifungua nyingi. Tafuta gari la kuvuta, rudi nalo Kampala, usipoteze siku.

LoriLaKigali, saa 4:30

Kambini71, kabla ya injini. Umeweka pembetatu? Pale kuna kilima kidogo halafu kona, sisi tukitoka Masaka na mzigo hatukuoni mpaka tumekufikia. Weka moja nyuma mbali, hatua sitini au zaidi, na ukate matawi uyatandaze kabla yake. Dereva yeyote wa njia hii akiona majani barabarani anajua mbele kuna aliyekwama. Wazee wako wasikae ndani. Watoe, wakae upande wa shamba. Kahawa watakunywa hukohuko.

Halafu usikubali mtu akufungulie pampu hapo kando. Vumbi likiingia mle, hiyo milioni na laki nne itakuwa utani.

Pampu iliyochoka ingekusumbua kwenda na kurudi. Joto ni lilelile. Spana14 hajakujibu hilo.

Kambini71, saa 4:38

Pembetatu ipo, matawi nimekata sasa hivi, mzee wa Kiholanzi kanisaidia, kafurahi kuliko mbuga. Asante kaka.

Spana14, saa 4:41

Kurudi ni mteremko. Kabale iko juu, Kampala chini. Injini haifanyi kazi ngumu.

LoriLaKigali, saa 4:44

Kayabwe napo ni mlima? Pale ni tambarare mpaka Lwera yote, kinamasi kushoto kinamasi kulia. Na huko ndiko lilikoanza kuzimika.

Binti_Bukoba, saa 4:52

Habari zenu. Mimi sina utaalamu wa injini, ila nina Hiace niliyoitengeneza kulala, na nimejifunza kwa machozi kwamba gari la namna hii likiumwa, wa kwanza kushukiwa ni sisi tuliolitoboa. Kaka, niambie tofauti ya kwenda na kurudi. Usiniambie injini. Niambie gari limebeba nini ukienda na halibebi nini ukirudi. Na mwezi wa Machi, au kabla yake kidogo, ulibadilisha nini? Hata kama ni pazia.

Kambini71, saa 5:05

Dada, nikienda nina wageni, vyakula, mtungi wa gesi umejaa, maji yamejaa, dizeli nimejaza mpaka shingoni maana nikijaza Kampala nafika Kabale bila kuongeza. Nikirudi mara nyingi niko peke yangu, wageni huwa wanarudi kwa ndege ndogo au wanavuka Rwanda. Maji namwaga yote Bunyonyi ili gari liwe jepesi. Dizeli inakuwa nusu na chini.

Machi sikubadilisha kitu cha injini. Betri mpya, tairi mbili, na kitasa cha mlango. Basi.

Kuna kijana amefika na boda, fundi wa Lyantonde. Ameitwa na muuza mahindi. Ana gunia la spana na kandambili. Mnasemaje?

LoriLaKigali, saa 5:09

Muulize gari gani huwa anatengeneza. Akisema Land Cruiser za misheni au za hospitali, umepata. Ile injini yako ndiyo hiyohiyo iko kwenye Land Cruiser ngumu za kazi, 1HZ, tangu 1990. Huko vijijini wanaijua kuliko hao wa mjini wenye mashine. Akisema "zote", mnunulie soda aende.

Na bei mpatane kabla hajafungua gunia. Ya kutafuta ugonjwa iwe mbali, ya kutengeneza iwe mbali.

Kambini71, saa 5:14

Amesema Land Cruiser ya padri na ambulansi. Tumepatana 30,000 kutafuta. Kijana mpole, haongei. Nikamwambia habari ya pampu akatikisa kichwa tu akasema, "Tuone kwanza mafuta yanafikaje." Luganda kidogo, Kinyankole kidogo, Kiswahili cha madereva. Tunaelewana.

Spana14, saa 5:15

Atakumaliza huyo.

LoriLaKigali, saa 5:20

"Tuone mafuta yanafikaje" ndiyo kauli niliyokuwa naisubiri. Kwa wasiojua: kwenye 1HZ hakuna pampu ndani ya tangi inayosukuma dizeli kuja mbele. Pampu iliyo kwenye injini ndiyo inayovuta, kupitia filta, kutoka tangini, kama mtoto na mrija wa soda. Kwa hiyo paipu ya njiani ikiwa na ufa, dizeli haidondoki chini ukaiona. Hewa ndiyo inayoingia. Unaweza kutafuta tone siku nzima usilione.

Kambini71, saa 5:48

Nawaeleza alichofanya, maana sijawahi kukiona.

Ametoa guniani mrija laini wa plastiki unaoonyesha ndani, ule wajenzi wanaojaza maji kupimia msingi. Akakata urefu wa mkono, akafungua paipu inayoingia kwenye filta, akaunga mrija katikati, akakaza kwa waya. Kisha akapiga ile pampu ya mkono juu ya filta mpaka ikawa ngumu, nikawasha. Likawaka, maana lilikuwa limeshapumzika zaidi ya saa nzima.

Tukasogea taratibu mpaka penye uwanja mbele ya duka, tukaliacha linanguruma, na yeye kainama, jicho kwenye mrija. Mapovu hakuna. Dizeli inapita safi, rangi ya asali nyepesi. Akasema hewa haiingii popote. Akaniambia nikanyage, nishikilie hapo. Nikashikilia. Muda mrefu. Mama wa Kiholanzi akaleta viti viwili vya kukunja.

Halafu akaniita. Mrija umelala. Umebonyea kabisa, pande mbili zimegusana, kama ule wa soda ukiziba ncha kwa kidole ukavuta. Injini ikaanza kusinzia ileile, ikazimika.

Kijana anacheka peke yake. Amekwenda chini ya gari.

LoriLaKigali, saa 5:51

MWITE ATOKE. Usiguse kitu kwanza. Nenda kwenye kifuniko cha dizeli sasa hivi, kabla halijapoa, ufungue huku sikio liko karibu. Mwache kijana atazame mrija.

Kambini71, saa 5:52

Natafuta ufunguo.

LoriLaKigali, saa 5:52

Ufunguo gani?

Kambini71, saa 6:03

Wakuu.

Nimefungua. Limevuta hewa HSSSSS kwa muda wa kuhesabu mpaka nne, kifuniko kilining'ang'ania mkononi. Kijana akapiga kelele kutoka mbele: mrija umefumuka, umekuwa mviringo tena. Nikawasha bila kupiga pampu ya mkono. Limewaka papo hapo. Sikungoja hata dakika moja!

Mikono inatetemeka. Dakika thelathini kila mara, tangu Machi, na dawa ilikuwa kufungua kifuniko.

Mchokozi_wa_Jinja, saa 6:05

Kumbe lilikuwa limebanwa pumzi tu. Sweta nimeirudisha dukani.

LoriLaKigali, saa 6:12

Narudia: ufunguo gani? Coaster ilitoka Japani na kifuniko cha kuzungusha kwa mkono. Hicho cha ufunguo kilitoka wapi, na lini?

Kambini71, saa 6:15

Cha zamani kiliibiwa. Niliegesha gari usiku mahali fulani Kampala, asubuhi kifuniko hakuna na dizeli imepungua. Nikanunua hiki chenye kufuli soko la vipuri la Kisekka. Ilikuwa... Februari mwishoni.

Dada Binti_Bukoba, sikukitaja. Sikukihesabu kama kitu cha gari.

Binti_Bukoba, saa 6:19

Nilisema hata pazia, kaka yangu.

Lakini bado hujamaliza. Kifuniko unacho kwenda na unacho kurudi. Kwa nini kurudi lisizimike?

LoriLaKigali, saa 6:31

Dada ana haki, na jibu lake liko chini ya gari. Nieleze kidogo.

Tangi la mafuta lazima lipumue. Dizeli ikitoka, hewa iingie mahali pake. Isipoingia, mle ndani kunakuwa na mvuto, na mvuto huo unashindana na pampu. Pampu inavuta huku, tangi linavuta kule. Mwisho pampu inashindwa, injini inakufa kwa njaa huku imebeba dizeli tele. Ukisimama, hewa inapenya polepole mahali fulani, mvuto unalegea, linawaka. Ndizo hizo dakika 30 zako. Hakuna kilichokuwa kinapoa.

Njia za kupumua kwa kawaida ni mbili. Kuna kijipaipu cha mpira kinachotoka juu ya tangi, na vifuniko vingi vya kiwandani vina kivali kidogo kinachoruhusu hewa kuingia. Cha kufuli ulichonunua naamini kimezibwa kabisa, hakina hata tundu. Basi njia moja imefungwa tangu Februari. Ya pili inazibwa ukienda, inazibuliwa ukirudi. Kitu gani kinashuka na kupanda chini ya sakafu yako, Kambini71?

Kambini71, saa 6:34

Maji.

Kambini71, saa 7:10 mchana

Tumelala chini wote, mimi, kijana na mzee wa Kiholanzi mwenye umri wa miaka 71, na tochi ya simu.

Tangi langu la maji nililifunga kwa mikanda miwili ya bati kwenye chesisi. Lita 120 ni kilo 120. Likijaa, mikanda imeshalegea, tangi linashuka na kuegemea upande wa kulia. Upande wa kulia ndiko kinakopita kijipaipu cha hewa cha tangi la dizeli, chembamba kama kidole cha mwisho. Kimebanwa kati ya pembe ya tangi na chuma cha chesisi, kimelala bapa, na pale kilipobanwa kimeng'aa kama shilingi kwa kusuguliwa. Kijana alifungua bomba la maji, tukamwaga kama nusu hivi shambani kwa mtu (ndizi zake zimebarikiwa), na tukakiona kwa macho kinafumuka kidogo kidogo. Tangi lilipanda upana wa kidole, si zaidi.

Kwa hiyo tangu 2022 nilikuwa nakibana, na sikujua kwa sababu kifuniko cha kiwandani kilikuwa kinanisamehe. Mwizi alichukua msamaha.

LoriLaKigali, saa 7:15

Na ile ya kujaza dizeli shingoni ndiyo iliyokuwa inaharakisha. Tangi likijaa, hewa ya juu ni kidogo, ukitumia lita chache tu mvuto unakuwa mkali. Likiwa nusu, hewa ni nyingi, inanyumbuka, mvuto unachelewa. Ukirudi una nafuu mbili kwa pamoja: maji hakuna, dizeli nusu. Ungekuwa unarudi na maji pengine ungefika Kampala hivyo hivyo ukadhani gari limepona lenyewe.

Spana14, saa 7:20

Nilisema ni upande wa mafuta.

Mchokozi_wa_Jinja, saa 7:21

😂😂 Ulisema gari la kuvuta.

Binti_Bukoba, saa 7:33

Mikanda ya bati usiirudishe peke yake. Kwangu niliweka chuma cha pembe chini kama kitanda, tangi limekaa juu yake, mikanda inalizuia kuruka tu. Uzito wa maji usining'inie. Na hicho kijipaipu kipandishe kipite juu ya chesisi, mbali na kila ulichokifunga mwenyewe. Nilijifunza kwa waya wa taa za nyuma, uliyeyuka.

Muulize pia aliyekufungia tangi kama alijua ile paipu ni ya nini.

Kambini71, saa 7:40

Nililifunga mwenyewe na mchomeleaji wa Katwe. Yeye aliniuliza, "Hii ya nini?" Mimi nikamwambia, "Haina kazi."

Kambini71, saa 8:25 mchana

Kijana amekata kipande cha paipu kilichobonyea, ameunga kipya, amekipandisha juu ya chesisi na kukifunga kwa vipande vya mpira wa tairi. Tangi la maji ameliinua kwa jeki, akapachika mbao chini, mikanda akaikaza mpaka ikalia. Kitanda cha chuma nitatengeneza nikirudi. Tumekula rolex, ile chapati ya kukunjia mayai, mayai mawili kila mmoja, wazee wameomba ya pili.

Aliomba 50,000 juu ya ile 30,000. Karakana ya mjini ilichukua milioni na laki nne na haikufungua hata kifuniko. Nimemtumia 150,000 kwa simu. Alipoona ujumbe akadhani nimekosea tarakimu, akataka kurudisha.

Kile kipande kilichobonyea mzee wa Kiholanzi amekiomba, amekifunga kwenye leso.

Kambini71, saa 2:50 usiku

Kabale. Kutoka Lyantonde halikuzimika. Mbarara nilijaza maji yote na dizeli mpaka shingoni kusudi, na kifuniko kilekile cha ufunguo nikakirudisha, nikafunga. Nilisimama mara mbili kufungua na kusikiliza: kimya.

Swali la mwisho. Kifuniko hiki nifanyeje?

Mchokozi_wa_Jinja, saa 2:55

Msumari na nyundo. Tundu moja.

LoriLaKigali, saa 3:02

Usitoboe. Vumbi la huko Bwindi litaingia lote, na mvua pia, dizeli na maji havipatani kwenye pampu. Tafuta kifuniko cha Coaster iliyokufa, chenye kivali chake. Ukitaka kujua kama kivali kinafanya kazi, kifute vizuri, weka mdomo upande wa nje, upulize. Hewa ikipita kuelekea ndani, kizima.

Kambini71, kesho yake, saa 5:30 asubuhi

Nimepata Kabale mjini kwa wauza vyuma, cha Coaster iliyogongwa, 25,000. Nimepuliza, inapita. Ladha ya dizeli haitoki mdomoni mpaka sasa.

Ila hakina ufunguo. Tunalala Bunyonyi siku tatu halafu Kampala, na Kampala mnaijua.

LoriLaKigali, saa 5:41

Egesha upande wa kifuniko ukiwa umegusa ukuta. Mwembamba wa kupita hapo bado hajazaliwa.